Kipuri cha Kweli, Kipuri cha Badala na Kipuri cha Uongo

Huenda utashangaa. Bwana shamba anaandika habari za vipuri vya magari? Kazi yake si mbegu, mbolea na dawa ya mikorosho?

Ni kweli. Lakini nanasi lililoko shambani bado si fedha. Linakuwa fedha likifika sokoni. Ili lifike sokoni linahitaji gari. Gari likilala, nanasi linaoza, na jasho la mkulima linapotea.

Tena gari la kijijini halibebi mazao tu. Linabeba saruji ya shule. Linabeba mgonjwa usiku. Kwa hiyo kipuri kibovu si hasara ya dereva peke yake. Ni hasara ya kijiji kizima.

Magari mengi tuliyo nayo vijijini ni ya zamani. Yanahitaji vipuri mara kwa mara. Wengi wetu tunaviita spea. Ukienda mjini kununua spea, utaulizwa swali moja: "Unataka orijino au ya kawaida?" Leo nataka tulijibu swali hilo kwa akili, wala si kwa haraka.

USIKU WA BERINGI

Nitaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe. Kikundi cha wakulima ninachokihudumia kiko wilayani Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kina pikapu moja ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli. Waliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha walizochanga misimu mitatu.

Mwaka mmoja beringi ya gurudumu la mbele ilianza kulia. Tulimtuma kijana mmoja mjini. Akarudi na beringi mpya ndani ya boksi zuri sana. Boksi lilikuwa na jina la kiwanda maarufu. Bei ilikuwa ndogo mno. Tulifurahi. Tulimsifu kijana kwa kujua kupatana bei.

Beringi ile ilidumu majuma matatu.

Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka mama mjamzito hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jioni. Katikati ya njia tukasikia mngurumo kwenye gurudumu, kisha harufu ya chuma kilichoungua. Dereva akasimamisha gari. Gurudumu lilikuwa linacheza kama jino bovu. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Tulikaa gizani zaidi ya saa moja. Wanawake waliokuwa naye walimfunika kwa khanga. Mwishowe lori moja la mkaa lilisimama, likatuchukua. Mama alifika na mtoto akazaliwa salama. Lakini mimi sikusahau saa ile moja. Wazee wetu walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Boksi letu lilikuwa mkakasi.

SAFARI YA MIKOCHENI

Baada ya muda tulipata safari ya Dar es Salaam. Wakulima wanane walikwenda kujifunza habari za minazi katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mikocheni, Wilaya ya Kinondoni. Tuliondoka alfajiri na pikapu yetu. Tulipita Mbagala, tukashika Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha tukaelekea Mwenge.

Magari yalikuwa mengi. Kila mara ilibidi kufunga breki. Tulipokaribia Mwenge, breki zikaanza kupiga kelele ya chuma kwa chuma. Dereva akaniambia, "Bwana Shamba, hapa tusifanye mzaha." Tulikwenda polepole mpaka Mikocheni. Wakulima wakashuka, wakaenda darasani. Mwenyekiti wa kikundi, dereva na mimi tukatafuta fundi.

Tulimpata fundi mmoja mzee, chini ya mwembe. Akafungua gurudumu. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Chuma kilikuwa kinakula diski. Akafungua boneti, akatazama na mambo mengine. Akatuambia, "Ndugu zangu, gari hili bado lina nguvu. Lakini vitu vitatu vinahitajika: pedi za breki za mbele, mkanda wa taimingi, na kioo cha pembeni kilichovunjika."

Mwenyekiti akahesabu fedha. Hazikutosha kununua vyote vitatu vya orijino. Akasema, "Basi tununue vyote vya bei ndogo." Fundi akatikisa kichwa. Akasema, "Mwenyekiti, kaa kwanza. Tuzungumze."

Mazungumzo hayo ndiyo nataka uyapate.

VIPURI NI VYA NAMNA NNE

Watu wengi husema kuna vipuri vya namna mbili tu, orijino na feki. Si kweli. Viko vya namna nne.

Namna ya kwanza ni kipuri cha kweli. Hiki kinauzwa ndani ya boksi lenye jina la kiwanda kilichotengeneza gari lenyewe. Gari likiwa Toyota, boksi limeandikwa Toyota. Kinakaa sawasawa mahali pake. Bei yake mara nyingi ni kubwa kuliko vyote.

Namna ya pili ni kipuri cha badala. Hiki kimetengenezwa na kiwanda kingine, na kiwanda hicho kimeandika jina lake chenyewe. Hakijifichi. Vingine ni vizuri sana, vingine ni vya wastani, na vingine ni dhaifu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kitu chenyewe. Hununua vipuri vingi kutoka viwanda vingine. Kule Japani, kwa mfano, kiwanda cha Denso kilikuwa sehemu ya Toyota hadi mwaka 1949, kikajitenga kikawa kampuni yake. Mpaka leo kinaiuzia Toyota na viwanda vingine vya magari. NSK wanatengeneza beringi. NGK wanatengeneza plagi. KYB wanatengeneza shokapu. Viwanda hivi vinauzia watengenezaji wa magari, tena vinauza madukani kwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo unaweza kupata kipuri cha kiwanda kinachoaminika kwa bei nafuu kidogo. Boksi tu ndilo lenye jina jingine.

Namna ya tatu ni kipuri cha mtumba. Hiki kimetolewa kwenye gari jingine, mara nyingi lililochakaa au lililopata ajali. Mitaa ya Kariakoo na Gerezani inajulikana sana kwa biashara ya vipuri, vipya na vya mtumba.

Namna ya nne ni kipuri cha uongo. Hiki kimevaa jina la kiwanda ambacho hakikukitengeneza. Ndiyo ile beringi yetu.

MKOCHE NA MNAZI

Nilimsikiliza fundi, nikakumbuka kazi yangu. Jina la Mikocheni linatokana na mikoche. Mkoche ni mti wa jamii moja na mnazi. Ukiuona kwa mbali unaweza kudhani ni ndugu wa mnazi, na kweli ni ndugu. Lakini hautoi nazi.

Je, mkoche ni mti mbaya? Hapana. Majani yake yanasukwa vikapu na mikeka. Una faida yake, na haujadai kuwa mnazi.

Kipuri cha badala ni kama mkoche. Kina jina lake na kazi yake. Ukikijua, kitakufaa.

Lakini mtu akikuuzia mche wa mkoche akakuambia ni mche wa mnazi, huyo amekuibia. Utapanda, utamwagilia, utangoja miaka. Nazi hutaiona. Mtu huyo ndiye kama muuza kipuri cha uongo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, adui yako si kipuri cha badala. Adui yako ni uongo.

WAPI USIPUNGUZE GHARAMA

Fundi alitupa kanuni moja. Alisema, "Kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: kipuri hiki kikivunjika barabarani, nini kitatokea?"

Kama jibu ni "watu watakufa", nunua kipuri cha kweli, au cha badala kutoka kiwanda kinachojulikana. Usinunue kisichojulikana. Katika kundi hili kuna pedi za breki, mipira ya breki, boljointi, tairodi, beringi za magurudumu na matairi.

Kama jibu ni "injini itakufa", fanya vilevile. Mfano ni mkanda wa taimingi. Mkanda huu unaunganisha mzunguko wa sehemu za chini na za juu za injini. Katika injini za dizeli kama yetu, mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Injini nzima inaharibika. Kiwanda hushauri mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000. Baadhi ya magari yana taa ya kukumbusha, imeandikwa T-BELT. Taa hiyo ikiwaka, usiseme, "Mbona gari linakwenda vizuri?" Mkanda hautoi hodi.

Chujio la oili nalo liko katika kundi hili. Ni kitu kidogo, bei yake ni ndogo. Lakini chujio la uongo linaweza kuwa na karatasi chache ndani, au karatasi dhaifu. Uchafu unapita na kusaga injini taratibu.

Kama jibu ni "gari litakuwa na sura mbaya tu", hapo punguza gharama. Kioo cha pembeni, mlango, bampa, kiti na kitasa, vyote hivi unaweza kununua vya mtumba. Mlango wa mtumba ukifunga vizuri ni mlango.

Lakini vitu vya mpira na vitu vinavyolika usivinunue vya mtumba. Mpira huzeeka hata usipotumika. Mkanda, mipira ya maji, sili, pedi za breki na machujio, nunua vipya. Tairi nalo litazame tarehe yake. Ubavuni utaona tarakimu nne. Kama zimeandikwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019.

TUPIGE HESABU

Mwenyekiti wetu alikuwa bado anasita. Fundi akachukua kijiti, akaandika hesabu mchangani. Hesabu hii ni mfano tu. Wewe weka bei za mahali pako.

Tuseme pedi za bei ndogo ni shilingi 30,000, na zinadumu miezi 4. Kwa mwaka utanunua mara 3. Hiyo ni shilingi 90,000. Kila mara unamlipa fundi shilingi 10,000, jumla shilingi 30,000. Gharama ya mwaka ni shilingi 120,000.

Tuseme pedi nzuri ni shilingi 80,000, na zinadumu mwaka mzima. Fundi unamlipa mara moja, shilingi 10,000. Gharama ya mwaka ni shilingi 90,000.

Tazama! Pedi ya "rahisi" imekula shilingi 30,000 zaidi. Hapo hatujahesabu siku ambazo gari limelala, wala hatari ya njiani. Rahisi huvunja upishi.

JINSI YA KUTAMBUA UONGO

Hakuna alama moja inayotosha. Lakini ukifanya mambo haya, utamnyima mwongo nafasi.

Kwanza, nenda na kipuri cha zamani mkononi. Linganisha urefu, unene, matundu na uzito. Kipuri kikiwa chepesi mno kuliko cha zamani, uliza kwa nini.

Pili, andika namba ya chesesi na aina ya injini. Utazikuta kwenye kibati cha chuma ndani ya boneti. Magari ya jina moja hayafanani yote. Hilux zina injini nyingi tofauti, kwa mfano 2L, 3L na 5L. Ukisema "nataka ya Hilux" tu, utapewa chochote.

Tatu, soma namba ya kipuri. Vipuri vya Toyota kwa kawaida vina namba ya tarakimu au herufi kumi, zilizogawanywa tano na tano. Tano za kwanza zinaonyesha ni kitu gani. Kwa mfano, 04465 ni pedi za breki za mbele. Ukiona boksi la pedi za mbele lina namba ya kitu kingine, usilipe.

Hapa ndipo nilipofurahi, ndugu msomaji. Mtu asiyejua kusoma hawezi kufanya kazi hii. Wewe unaweza. Elimu uliyoipata inalinda mfuko wako.

Nne, soma maandishi ya boksi pole pole. Herufi iliyokosewa, rangi iliyopauka au chapa isiyosomeka ni dalili mbaya. Lakini boksi zuri peke yake si ushahidi. Boksi la kweli huweza kuokotwa na kujazwa kitu cha uongo.

Tano, bei ikiwa ndogo kupita kiasi, jihadhari. Uliza maduka matatu kabla ya kununua.

Sita, dai stakabadhi ya mashine. Iandikwe jina la kipuri. Bila stakabadhi huna pa kuanzia malalamiko. Uuzaji wa bidhaa zenye alama ya uongo ni kosa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza. Tume ya Ushindani, inayojulikana kama FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Habari za viwango vya bidhaa ziko kwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Saba, ukimaliza kufunga kipuri, chana boksi. Usilitupe likiwa zima. Boksi zima jalalani ni mtaji wa mwongo.

WAZEE WALIKOTOKA

Dereva alimwuliza fundi, "Mzee, zamani mlikuwa na shida hii ya feki?"

Fundi akacheka. Akasema zamani shida ilikuwa nyingine. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Spea zilikuwa adimu. Magari mengi yalikaa juu ya mawe. Fundi alikuwa anafufua kipuri kimoja mara nyingi. Alichomelea, alichonga, alikata mpira wa tairi kuukuu akatengeneza bushi.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Spea zikaanza kuonekana tena madukani. Baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa wingi.

"Zamani tulitafuta spea tukaikosa," akasema mzee. "Sasa spea ni nyingi mpaka mtu anapotea. Zamani ulihitaji mikono. Sasa unahitaji na macho."

TULIVYOAMUA

Basi tuliamua hivi. Pedi za breki tulinunua za badala, kutoka kiwanda kinachojulikana, ndani ya boksi lenye jina lake chenyewe. Tulibadilisha magurudumu yote mawili ya mbele, si moja. Fundi alisafisha kwa kitambaa chenye maji. Hakupuliza vumbi, kwa sababu vumbi la pedi si zuri kwa mapafu, na pedi nyingi za zamani zilikuwa na asibesto.

Mkanda wa taimingi tulinunua wa kweli. Hapo hatukubahatisha.

Kioo cha pembeni tulinunua cha mtumba. Kina mkwaruzo mdogo. Kinaonyesha nyuma vizuri.

Fedha zilitosha, zikabaki za chakula. Jioni wakulima walitoka darasani, kila mmoja na maelezo yake ya minazi. Tulirudi Mkuranga usiku. Tulipita mahali pale tulipokaa gizani na yule mama. Dereva alikanyaga breki kidogo, kujaribu tu. Gari likatii. Hakuna aliyesema neno, lakini sote tulielewa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kipuri cha badala si lazima kiwe kibaya. Kipuri cha uongo ni kibaya siku zote.

2. Breki, usukani, magurudumu na mkanda wa taimingi: usipunguze gharama.

3. Kioo, mlango na viti: mtumba unafaa.

4. Nenda na kipuri cha zamani, namba ya chesesi na aina ya injini.

5. Dai stakabadhi. Chana boksi.

6. Kikundi kitenge fedha za matengenezo kila msimu. Anayenunua kwa dharura hana nafasi ya kuchagua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari la kijiji chenu, au pikipiki, lililala mara ngapi mwaka jana? Sababu ilikuwa nini?

2. Je, mnaandika katika daftari tarehe ya kununua kila kipuri na siku kilipoharibika? Kama hamwandiki, nani ataanza?

3. Chukueni kipuri kimoja cha zamani. Someni namba zake kwa sauti. Kila mmoja aandike namba hizo katika daftari lake.

Ndugu msomaji, mbegu unaichagua kabla ya kuipanda. Chagua na kipuri kabla ya kukifunga.